Korongo JN 36 na Kapu la Habari

Kila asubuhi, Leelo Kuusk alikung'uta theluji kwenye buti zake, akazivua mlangoni pa shule, akavaa viatu vya ndani na kukimbilia kompyuta iliyokuwa nyuma ya darasa la sita. Wenzake walikuwa bado wanatundika makoti yao. Leelo hakuwa na muda wa kupoteza, kwa sababu kwa wiki mbili hizo zamu ya kumtafuta Pikk ilikuwa yake.

Pikk, yaani Mrefu, alikuwa korongo mweupe mwenye miguu myekundu. Kiota chake kilikuwa juu ya nguzo nyuma ya shule yao, katika kijiji kimoja karibu na mji wa Võru, nchini Estonia. Mguuni alivaa pete nyeusi iliyoandikwa JN 36. Kila mwaka mwishoni mwa Agosti aliruka kwenda kusini, na kila Aprili alirudi. Alikokuwa katikati ya miezi hiyo, hakuna aliyejua.

Mwaka huo mwalimu wao, Urmas Teder, alikuwa amewafungulia kisoma-milisho. Huo ni ukurasa wa mtandaoni unaokusanya habari mpya za tovuti nyingi mahali pamoja, ili msomaji asihangaike kuzitembelea moja moja. Mwalimu aliunganisha blogu sitini za wapenda ndege, kuanzia Poland hadi Afrika Kusini. Watoto waliuita ukurasa huo Kapu.

Tatizo la Kapu ni kwamba lilijaa kupita kiasi. Kila asubuhi lilikuwa na habari kama mia mbili. Kila habari ilionyesha kichwa na mistari miwili tu, kisha ikakatika. Ili kusoma zaidi ilibidi ubofye na kusubiri, na mara nyingi ukakuta maandishi ya Kituruki au Kiarabu ambayo hukuelewa hata neno moja.

Jumatatu ya kwanza Leelo alisoma mpaka macho yakamtoka machozi. Jumanne alisoma nusu. Jumatano akakiona kitufe kilichoandikwa "Zote zimesomwa". Akatazama mlangoni, akakibofya. Habari zote zikatoweka, Kapu likabaki jeupe.

"Leelo, leo Pikk yuko wapi?" Mwalimu Urmas akauliza alipoingia.

"Hakuna habari zake, mwalimu. Nimezipitia zote."

Jambo likishafanyika mara moja, mara ya pili huwa jepesi. Alhamisi alibofya tena. Ijumaa vilevile. Jumatatu iliyofuata, Kaur, jirani yake wa dawati, alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Habari mia mbili kwa dakika tatu? Kwani wewe una macho ya nzi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Wivu huo!" Leelo akajibu, lakini masikio yake yaliwaka moto.

Jumanne baada ya masomo alikwenda maktaba ya kijiji. Mkutubi alikuwa Shangazi Virve, dada yake baba, mwanamke mwembamba asiyekosa neno. Alimwekea Leelo kikombe cha kakao na andazi lenye kabichi ndani.

"Zamu inakwendaje?"

"Kapu lenyewe bovu, shangazi. Limejaa takataka."

"Kapu bovu, au mchumaji mvivu?" Shangazi Virve akacheka, akavuta kiti. "Hebu lifungue hapa nilione."

Leelo akalifungua. Shangazi akatikisa kichwa.

"Mnalitumia kama lilivyozaliwa! Kivinjari hiki cha kufungulia mtandao unaweza kukiwekea nyongeza. Ni programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake. Ila usiweke kila unachokiona, sawa? Nyingine ni wezi. Angalia kwanza nani ameitengeneza na inaomba ruhusa ya kuona nini."

Alichagua tatu, akamsomea Leelo masharti ya kila moja, kisha akaziweka. Ya kwanza ilileta habari nzima ndani ya Kapu, pasipo kukatika. Ya pili ilitafsiri lugha ngeni kuwa Kiestonia. Ya tatu ilipaka rangi ya njano neno lolote ulilolitaka, popote lilipo.

"Ipe neno la kutafuta," shangazi alisema.

Leelo akaandika: JN 36.

Kisha akaanza kusoma, na andazi likapoa mkononi. Maandishi ya Kiarabu, ambayo juzi tu aliyaona kama michoro, yalikuwa yamegeuka sauti ya mtu. Mzee mmoja kando ya mto Nili aliandika kwamba alipanda darini na mjukuu wake, wakahesabu korongo elfu nne kabla chai yao haijapoa. Mama mmoja wa Uturuki alisema makundi yalipovuka bahari, alisimamisha gari barabarani na kulia, asijue kwa nini. Mtu mwingine, huko Sudan, alikuwa amewaona wakilala mashambani, weupe kama nguo zilizoanikwa.

Leelo alihisi nywele zikimsisimka. Ni kama alikuwa amekaa miezi yote kwenye chumba chenye mapazia, na sasa mtu ameyafungua, kumbe nje kuna dunia nzima inatazama angani.

"Shangazi," alinong'ona, "watu hawa wote walikuwa humu siku zote?"

"Walikuwemo. Walikuwa wanasema. Wewe tu ndiye ulikuwa husikii."

Msomaji mmoja aliita kutoka rafu za mbele, shangazi akainuka. Leelo akabaki peke yake. Akakumbuka habari alizozifuta bila kuzisoma. Akabofya palipoandikwa "Onyesha zilizosomwa", na mamia ya habari yakarudi kama maji ya mafuriko. Akashuka nayo taratibu. Ghafla akaona njano.

Ilikuwa habari ya klabu ya mazingira ya shule moja huko Karatu, nchini Tanzania, na iliandikwa kwa Kiswahili. Kichwa chake kilikuwa "Mgeni Wetu". Mistari miwili ya kwanza ilihusu mvua na miche ya kabichi. Lakini chini yake, pale ambapo Kapu la zamani lilikuwa likikata, iliendelea hivi:

"Tumempata korongo amenaswa kwenye waya wa uzio. Bawa lake limeumia, lakini daktari wa mifugo anasema linapona. Pete yake imechubuka, jina la nchi halisomeki. Zimebaki herufi na namba: JN 36. Daktari anataka kujua umri wake. Kama ni mkubwa anayeijua njia, atamwachia huru. Kama ni kinda, hawezi kusafiri peke yake, atapelekwa bandani akae huko maisha yake yote. Gari la kumchukua litakuja Jumatano ijayo. Anayemfahamu atuandikie. Tunafungua ukurasa huu kila siku kuangalia kama kuna aliyetusoma."

Leelo akatazama tarehe. Ilikuwa Jumatano iliyopita, siku ileile alipokibofya kile kitufe kwa mara ya kwanza. Na Jumatano ijayo ilikuwa kesho.

Pikk alikuwa na umri wa miaka saba! Rekodi yake ilikuwa kwenye daftari la mwalimu. Jibu lilikuwapo, karibu wiki nzima, na watoto wa Karatu walikuwa wakifungua ukurasa kila siku na kukuta kimya.

Shangazi alirudi, akamwona. "Umekuwa mweupe kama karatasi. Umeona nini?"

"Pikk! Imeingia le—"

Akalikatiza neno. Lilikuwa neno rahisi, "leo", na hakuna ambaye angelichunguza. Korongo angeokolewa, naye angesifiwa. Lakini macho yake yalirudi kwenye ule mstari wa mwisho. Kila siku. Kuangalia kama kuna aliyetusoma.

"Haikuingia leo," alisema, na machozi yakaanza kumtiririka. "Iliingia Jumatano. Nilibofya kwamba nimesoma zote, na sikusoma hata moja. Nimemdanganya mwalimu siku tano."

Shangazi Virve hakugomba. Alimsogezea simu. "Basi mwambie mwenyewe. Sasa hivi. Kulia utamalizia baadaye."

Mwalimu Urmas alifika baada ya robo saa, kofia ikiwa bado na theluji, daftari la pete kwapani. Alimsikiliza Leelo mpaka mwisho.

"Hayo tutayazungumza," alisema. "Kwanza tuandike."

"Tumieni sentensi fupi," shangazi alishauri, "mashine isije ikawatafsiria makorokoro."

Waliandika kwamba JN 36 anaitwa Pikk, ana miaka saba, na ameshakwenda na kurudi mara nyingi. Mwishoni Leelo aliomba kuongeza sentensi yake: "Mimi ndiye niliyechelewa. Naomba mnisamehe."

Kesho yake asubuhi darasa zima lilijua, kwa sababu Leelo alisimama mbele na kusema mwenyewe, kila kitu, tangu kitufe mpaka simu. Hakuna aliyecheka. Hata Kaur aliinamisha uso.

Katika kipindi cha tatu jibu likaingia. Mwalimu alilisoma kwa sauti. Mwandishi alikuwa msichana aitwaye Paskalina, katibu wa klabu.

"Asanteni! Gari limekuja na limeondoka tupu. Kumbe anaitwa Mrefu? Sisi tulimwita Mkaguzi, kwa jinsi anavyotembea bustanini akikagua kabichi zetu. Leelo, tumekusamehe. Tazameni."

Chini yake kulikuwa na video fupi. Shamba la kijani kibichi. Watoto wenye sweta wamejipanga, wameziba midomo kwa viganja. Katikati yao yuko Pikk, ambaye darasa la Leelo lilizoea kumwona akitembea kwenye uwanja wao wa mpira. Alipiga hatua tatu ndefu, akafungua mabawa, akayapiga mara moja, mara mbili, kisha ardhi ikamwachia. Alizunguka juu ya vichwa vyao, akapanda, akawa doa jeupe chini ya mawingu makubwa.

Kaur alikuwa amesimama bila kuambiwa. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

Mwalimu Urmas akangoja watulie. Akamwambia Leelo kwamba zamu yake itaendelea wiki mbili nyingine, na kwamba safari hii atasoma pamoja na mwenzake. Kaur akanyoosha mkono kabla hajaulizwa.

"Vyombo hivi ni vya ajabu," mwalimu akasema. "Jana vimetuletea sauti kutoka mwisho wa dunia, tena kwa lugha yetu. Msiache kujifunza kuvitumia, kwa maana mtu mwenye chombo kizuri asiyekijua ni sawa na asiye nacho. Lakini kumbukeni jambo moja. Mashine iliandika 'zimesomwa', na haikujua kwamba huo ni uongo. Aliyejua ni mtu mmoja tu. Nyongeza humwongezea mtu macho na masikio. Ukweli hauna nyongeza yake; kila mmoja huutoa moyoni mwake, hata pale ambapo hakuna anayemtazama."