Siku Mama Aliposhindwa Kukojoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sabina alifua kanga za mama yake. Mama akikohoa au akiinua ndoo tu, mkojo ulimtoka. Kisha alifanyiwa upasuaji. Daktari alimwekea utepe mwembamba wa kushikilia njia ya mkojo, akamruhusu kurudi nyumbani Mlandege. Kanga zikakaa kavu. Sabina alifurahi jamani!

Jumamosi akina mama wa usharika wao kanisani walikuja kumpa pole. Kwa aibu, mama alikuwa amewaambia kwamba alipasuliwa tumbo.

"Kunywa uji, mwenzetu, upate nguvu," alisema kiongozi wao, Mama Mika, akimjazia kikombe kingine. Mama akanywa ili asiwavunje moyo wageni.

Baadaye Sabina alimkuta jikoni amejikunja, jasho likimtiririka.

"Mama, una nini?"

"Mkojo hautoki tangu asubuhi, mwanangu. Naona kama nitapasuka. Lakini nyamaza, usiniaibishe mbele za watu."

Sabina alikumbuka onyo la hospitali. Daktari alikuwa amesema mkojo ukigoma warudi haraka. Atamtii mama, au atamwokoa? Alirudi sebuleni kwa wageni.

"Shikamooni, mama zangu. Mama hakupasuliwa tumbo. Alitibiwa mkojo, na sasa umegoma kutoka. Naombeni tumpeleke hospitali."

"Yesu wangu!" Mama Mika alisema, akakimbilia barabarani kuita bajaji.

Hospitalini, nesi Faustina alimwingizia mama mpira mwembamba wa kutolea mkojo, uliounganishwa na mfuko. Mfuko ukaanza kujaa, ukajaa, ukazidi kujaa. Makubwa! Sabina alishika mdomo. Mpira mdogo vile, na mama aliyekuwa akilia kwa maumivu sasa anacheka! Hakuwahi kuona jambo la ajabu kama hilo.

"Baada ya upasuaji huu, wakati mwingine njia hubanwa," nesi alieleza. "Inatibika. Daktari ataangalia kama utepe ulegezwe. Lakini ukificha, kibofu huumia, hata figo. Mama, ugonjwa si aibu. Sema mapema. Binti yako amesema, na amekuokoa."

Mama alimvuta Sabina kifuani. "Nilikwambia unyamaze. Ahsante kwa kutonisikiliza."

Mama Mika, aliyekuja nao, alikuwa bado amesimama mlangoni. Akamsogelea nesi, macho chini.

"Sista," akasema taratibu, "hata mimi mkojo unanivuja, miaka mingi sasa. Utanipima na mimi?"