Kinyozi wa Njia ya Maua

Njia ya wapenda matembezi ilianzia kwenye lango la mbao, ikafuata kijito hadi kilimani. Mtunzaji wake aliitwa Kinyozi, maana hakuna jani lililothubutu kuvuka kifundo cha mguu mbele yake. Kila mwaka, wiki moja kabla ya kiangazi, alinoa fyekeo, akafyeka pande zote mbili, akachoma takataka. Kisha alisimama langoni, shati limechomekwa, kuwangoja wageni waliokuja kutazama maua.

Maua yenyewe alikuwa ameshayachoma. Hilo hakulijua.

Mwaka huo walikuja wageni wanne. Walipanda, wakashuka, wakauliza vipepeo wako wapi. Kinyozi akawaambia labda kesho. Kesho hawakuja. Iliyokuja ni barua ya ofisi ya utalii: kiangazi kijacho kisipokuwa na cha kuonyesha, lango litafungwa kwa kufuli. Njia ile aliichimba baba yake kwa jembe.

Mkewe aliisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari. Aliuliza tu kama mumewe amekula. Hakuwa amekula. Alilala chali mchana kutwa akiuliza dari kosa lake ni nini.

Siku ya nne mke akamwita jirani yao, mfugaji nyuki, mwanamke mwenye ulimi wa kukwangua masizi. Jirani aliitembea njia yote, akarudi akitikisa kichwa.

"Shemeji, hapa umenyoa hadi ubongo."

"Nimewasafishia wageni."

"Umeosha sufuria pamoja na mchuzi, halafu unakaribisha watu mezani."

Akachuchumaa, akamwonyesha shina lililokatwa, lililoponea moto, likiwa na tumba bado. Alieleza kwamba maua mengi ya pale huishi msimu mmoja tu, na mrithi wake ni mbegu. Ukiyafyeka kabla ya mbegu kukomaa, umefuta ukoo. Vipepeo nao hutaga mayai kwenye majani yale yale. Ukichoma majani, umechoma watoto wao.

"Basi nifyeke lini?"

"Vichwa vikikauka na mbegu zikidondoka. Fyeka upande mmoja, mwingine uache mpaka mwaka unaofuata. Na moto achana nao."

"Yatarudi?"

Jirani hakumdanganya. "Nina mizinga sita, mitano mitupu. Mbegu nyingine hulala ardhini miaka mingi. Nyingine hazipo tena."

Kinyozi akatundika fyekeo. Mvua ikanyesha, majani yakafika kiunoni, wapita njia wakasema uvivu umempata uzeeni. Viganja vilimwasha. Kiangazi kikaingia, na kila asubuhi alikagua pande zote mbili, akaona majani, na majani, na majani.

Karani wa ofisi akaja na kufuli mfukoni. Walitembea pamoja. Karibu na daraja la mbao Kinyozi akasimama ghafla. Maua matatu ya manjano, membamba kama yametoka hospitali.

"Matatu tu?" karani akauliza.

"Mwaka jana hapakuwa na hata moja."

Karani akainama kuyatazama. Akasema atarudi kiangazi kijacho, na kufuli atakuja nalo. Akashuka.

Kinyozi akabaki. Nyuki mmoja alitua kwenye ua la katikati, akalitikisa. Mzee akarudisha mikono yake mitupu nyuma ya mgongo, kama mwanafunzi aliyefumaniwa, akakaa hivyo mpaka nyuki akaondoka.