Tairi Zilizonuka Mafuta ya Taa

Kila Jumamosi Yoshie Murakoshi alipanda baiskeli yake ya mbio, akavuka daraja refu kwenda kisiwa cha pili kumwona mama yake. Mama alikuwa hawezi miguu. Alikaa dirishani akiisubiri ile kofia ya njano iteremke kutoka darajani.

Yoshie alipenda usafi kupita kiasi. Mwisho wa mwaka, watu wa Japani wanaposafisha nyumba nzima, yeye alisugua hadi vifuniko vya sufuria. Baiskeli nayo iling'aa. Lakini tairi zake hazikudumu. Bado zilikuwa mpya, nazo zilishajaa nyufa. Jumamosi moja tairi ya nyuma ilipasuka darajani, nusura Yoshie aanguke.

Takeo, mumewe, aliingiwa na hofu.

"Mama Sota," alimwita kwa jina la mtoto wao, "baiskeli sasa basi. Sitaki kuja kukuokota barabarani."

Basi la kule halikutembea Jumamosi, na siku nyingine Yoshie alikuwa kazini. Usiku ule alilia. Nani angemwambia mama asikae tena dirishani?

Asubuhi alimpelekea tairi jirani yake, Bi Kuniko. Mama huyu alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano enzi zake. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini mlimani vijana bado waliona mgongo wake tu. Yoshie alimhusudu sana.

Bi Kuniko aliinusa tairi.

"Umeiosha na nini?"

"Mafuta ya taa kidogo, yale ya hita ya kupasha nyumba joto. Yanatoa uchafu kweli."

"Halafu?"

"Nikaiweka karibu na hita ikauke."

Bi Kuniko alicheka mpaka akakaa chini. "Mwenzangu, umeikaanga!"

Akamweleza polepole. Mafuta huharibu mpira, na joto na jua kali huukausha ukapasuka. Maji na sabuni kidogo yanatosha, kisha baiskeli ikae kivulini. Ukirudi safari, kagua tairi, utoe vijiwe na vigae kabla havijazama. Pima upepo kila unapotoka, usizidi kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Upepo ukiwa mdogo, tairi hujikunja na kuisha upesi.

"Ya nyuma hubeba uzito zaidi, huisha kwanza," alisema. "Ikiisha, hamishia nyuma ile ya mbele kama bado nzima. Mpya ifunge mbele, maana ya mbele ikipasuka, unaanguka. Ila hizi zako zina nyufa, zitupe. Usizionee huruma."

Takeo alikubali kwa shingo upande. Yoshie alifunga tairi mpya, akafuata kila neno.

Mwaka ukaisha tena. Nyumba iling'aa yote, isipokuwa tairi mbili nyeusi zisizo na mng'aro. Zilikuwa zilezile, bila ufa hata mmoja.

Jumamosi ile Yoshie alimkuta Takeo nje na pampu, amechuchumaa, macho kwenye kipimo cha upepo.

"Upepo uko sawa," alisema bila kuinua kichwa. "Nenda, Mama Sota. Mama yuko dirishani."