Muhuri wa Wino wa Zambarau

IJUMAA, SAA NNE ASUBUHI

Boniface alifunga mlango wa stoo, nyuma ya duka lake la Langley Park, akaegemea friza.

“Mbuzi thelathini,” alisema. “Wamechinjwa jana, wananing'inia kwenye banda kule Virginia, mbele ya Fairfax. Harusi ya kesho inawataka huku Maryland. Shida yetu ni daraja.”

Shida yao ilikuwa sheria. Virginia unaweza kuchinja mbuzi wako ukamla na wanao, na hakuna wa kukusumbua. Ukitaka kumvusha mto ukamuuze jimbo jingine, nyama lazima iwe na muhuri wa duara wa mkaguzi wa serikali kuu, wa wino wa zambarau. Na wiki ile wakaguzi walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya daraja na askari wao, wakifungua kila gari la nyama.

“Kwa hiyo tunaiba muhuri. Théo anauchukua kazini kwake. Waringa anampokea getini. Tunapiga mbuzi mihuri, tunavuka kama watu wenye heshima zao.”

Waringa, Mkenya mwenye teksi, alitafuna bigijii. Théophile aliinua mkono kama mwanafunzi. Alikuwa Mkongo, mfanyakazi wa machinjio yenye mkaguzi wa serikali kuu.

“Boss, na passeport yangu? Lundi niko na interview.”

“Nyama ikivuka, utaipata.”

Pasipoti hiyo Boniface aliichukua siku ya kwanza alipompa Théophile kitanda, eti aitunze. Akaitunza kweli, mwaka mzima. Jumatatu Théophile alikuwa na usaili wa kuomba hifadhi, na bila pasipoti hakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba yeye ndiye yeye. Mkewe Keza na watoto wawili walikuwa kambini Kigoma wakisubiri jibu. Angeiba hata mkaguzi mwenyewe.

SAA SITA MCHANA

Mkaguzi alikuwa mzee wa mazoea. Saa ya chakula alitundika koti jeupe ukutani, funguo zikiwa mfukoni, akaenda kula mkate wake garini huku akisikiliza mpira. Théophile aliingia na ndoo na mpira wa maji. Alifungua kabati, akachukua muhuri na chupa ya wino, akavitia ndani ya buti alizovaa, akarudisha funguo. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kope.

Getini Waringa alimfungulia mlango wa teksi.

“Nipee hiyo kitu tuhepe,” alisema wakiwa njiani. “Tu-run hii biashara sisi wawili.”

“Hapana. Boss anashika passeport yangu.”

“Wewe ni mjinga ama? Passport yako alishauza. Kuna msee Philadelphia anatembea nayo.”

Théophile alimwamini kwa sababu lilikuwa ni jambo ambalo Boniface angeweza kabisa kulifanya.

SAA NANE

Bandani Boniface aliupokea muhuri kwa mikono miwili kama bwana harusi anayepokea pete. Alimpiga mbuzi wa kwanza muhuri begani, pajani, akacheka peke yake. Alipomaliza thelathini alivuta beseni la mapafu.

“Haya nayo yanaenda. Bwana Théo, supu bila mapafu ni maji ya kuoshea vyombo.”

Akaanza kuyapiga mihuri, moja moja.

Théophile alisimama akimtazama. Kule machinjioni hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kutupa mapafu kwenye pipa la taka na kuyamwagia rangi ili asiyaokote mtu. Nchi hii mapafu hayaruhusiwi kuliwa na binadamu. Hakuna mkaguzi anayeyapiga muhuri. Neno moja tu lingetosha. Alimwangalia mtu aliyeuza jina lake, akajawa na chuki, akanyamaza. Waende na mapafu yao. Yeye angebaki kuosha banda, kisha apande basi.

“Waringa, tangulia na muhuri,” Boniface aliamuru walipokwisha kupakia gari lake la friji. “Tukisimamishwa usikutwe kwangu. Théo, panda nyuma. Wino bado mbichi, washike wasisuguane.”

“Boss, mimi nabakia kuosha.”

“Nimesema panda.”

Mlango ulifungwa. Komeo lilikuwa la nje.

SAA TISA NA NUSU

Ndani kulikuwa na baridi na giza, na mbuzi thelathini wakimgonga kila kona. Théophile alipiga ukuta wa mbele kwa ngumi.

“Boss, simama! Mapafu! Simama!”

Mashine ya baridi ilinguruma tu. Alipiga magoti, akatafuta beseni kwa kupapasa, akasugua muhuri wa pafu moja kwa shati, wa pili kwa kucha. Kisha magurudumu yakabadilisha sauti, akajua wako juu ya daraja. Gari likapunguza mwendo. Likasimama.

Mlango ulipofunguliwa, mwanga ulimpiga machoni. Mikono yake ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko. Mkaguzi, mwanamke wa makamo, alimulika mbuzi kwa tochi, akaridhika. Ndipo tochi ikashuka kwenye beseni.

Aliuliza kwa upole ni mkaguzi gani aliyepitisha mapafu.

“Yuleyule wa mbuzi,” Boniface alijibu, akitabasamu.

Baada ya dakika chache walikuwa wamelaza mikono yao juu ya boneti, kando kwa kando. Teksi ya Waringa haikuonekana tena, wala muhuri. Askari alimpekua Boniface: funguo, tasbihi, sigara, na kitu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Théophile alilijua jalada lile kabla halijafunuliwa.

“Nilitaka nikupe tukifika,” Boniface alisema. “Si nilikuahidi?”

Askari alifungua pasipoti, akatazama picha, akamtazama Théophile, akatikisa kichwa kukubali kwamba ndiye. Kisha akaitumbukiza kwenye mfuko wa ushahidi, akaufunga.