Rejeta Iliyokataa Joto

Gari linapochemka, rejeta yake huunguza. Hilo analijua hata mtu asiyewahi kupanda gari, na ndiyo maana Stanislas alisogeza kiganja polepole kuelekea ile rejeta ya Chevrolet, tayari kukirudisha. Hakukirudisha. Mvuke ulikuwa unapiga mluzi kwenye kifuniko, injini inagonga kwa joto, lakini chuma chini ya mkono wake kilikuwa baridi, baridi ya ukuta wa saruji asubuhi ya mwezi wa sita. Na huu ulikuwa mwezi wa kumi, mji wote wa Élisabethville unangoja mvua kwa hasira.

Gari lenyewe lilikuwa la kabla ya vita. Mwenye nalo, Mbelgiji ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Vite-Vite, yaani haraka-haraka kwa Kifaransa, kwa sababu hakujua neno lingine, alilipenda kuliko alivyompenda binadamu yeyote, na hapo simsingizii. Alikuwa amerudi nalo kutoka Sakania, dereva wake Chomba akiwa kwenye usukani, na tangu safari hiyo lilichemka kila lilipowashwa.

"Dimanche minataka gari yangu," alisema, yaani Jumapili, akaondoka bila kungoja jibu.

Stanislas alikuwa fundi hodari, na kasoro yake ni kwamba alijua hivyo. Kwake gari halikuwa na siri. Injini inachemka, rejeta baridi: maji hayazunguki, basi. Akataka kuyatoa maji afungue vitu. Bomba la chini lilikuwa limegandiana kwa chokaa, kama birika zote za mji huu. Akachukua mpira mwembamba, akautumbukiza kwenye rejeta, akavuta kwa mdomo mpaka maji yakaja, akatema, akafuta midomo, akaelekeza mpira kwenye beseni. Ndivyo wafanyavyo wote. Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno.

Akaanza kutafuta ugonjwa. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza vizuri. Pampu ilizunguka bila kukwaruza. Thermostat, kile kilango kinachopitisha maji yakipata moto, aliichemsha kwenye sufuria ikafunguka bila ubishi. Rejeta aliipitishia maji ya bomba, yakatoka mbio, haikuziba popote. Gasketi ya kichwa cha injini nayo ilikuwa nzima. Alipokwenda kunawa, akatumia maji ya beseni ili asiende mbali, na sabuni ikatoa povu jingi kama la sikukuu. Maji ya mji huu, kwa chokaa yake, hayatoi povu, na pipa la maji ya mvua lilikuwa kavu tangu mwezi wa nne. Akafurahi. Ndoo moja akaitenga ampelekee mkewe, mengine akayarudisha kwenye rejeta, pengo akaliziba kwa maji ya bomba.

Akawasha. Likachemka. Rejeta baridi vilevile.

Chomba alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, kofia mkononi.

"Yaya Stanislas, ile maji uliitupa?" aliuliza, akimwita kaka kwa heshima.

"Juu ya nini niitupe? Ni maji muzuri. Niko napelekea Mama Edith."

Chomba akafungua mdomo, akatazama dirisha la Bwana Vite-Vite, akaufunga. Mtu mzima anaogopa kibao cha bwana wake kuliko anavyoogopa kuua, na sitamsamehe kwa hilo.

Jioni ilipokaribia, injini imezimwa na kupoa, harufu ikaanza kutoka garini. Si ya kutu wala mafuta. Ilikuwa harufu ya tope la chini kabisa, la majani yaliyooza mahali pasipofika jua. Stanislas akaweka ncha moja ya mpira kwenye pampu na nyingine sikioni, kama afanyavyo akitafuta beringi mbovu, ingawa injini iliyozimwa haina la kusema. Hii ilisema. Ndani mlikuwa na mtu anameza. Alimeza polepole, kwa kiu, akatulia, akameza tena. Stanislas akabana pumzi asikie vizuri, na kule ndani nako pumzi ikabanwa, kama vile mwenye kumeza naye alikuwa ameweka sikio upande wa pili.

"Ni hewa," Stanislas akasema kwa sauti, peke yake, akafunga gereji kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Ndoo ilikuwa imeshatangulia Kamalondo, mtaa alikokaa, tangu mchana. Aliipeleka saa ya chakula. Sasa jioni Hortense, mkewe, alikuwa anamngojea barabarani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba Edith, kuya uone mutoto. Kichwa iko moto, magulu iko baridi. Nilimufunika blanketi mbili, haisaidie."

Edith, mtoto wao pekee, alikuwa amelala macho wazi. Hortense alikuwa amemnyunyizia maji ya baraka kutoka misheni. Yale ya kwenye paji la uso yalikauka papo hapo kama kwenye pasi. Yale ya miguuni yalibaki matone, hayakauki. Stanislas akapitisha kiganja kutoka kichwani kushuka tumboni, na mkono wake ukatambua kabla yeye hajakubali.

"Alikula nini?"

"Hakukula kitu. Alikunywa kikombe moja ya ile maji ya ndoo. Alisema iko tamu."

Akaweka sikio mgongoni mwa binti yake. Ndani ya kale kamwili mtu alikuwa anameza, polepole, kwa kiu, na Stanislas alipobana pumzi, kile kitu nacho kikabana yake.

Alimfuata Chomba nyumbani kwake, akamshika shati.

"Maji ulitoa wapi?"

"Yaya, mi niko na hofu."

"Mutoto wangu anakufa. Sema."

Chomba alisema kwa sauti ya chini, macho ardhini. Gari lilikauka maji kwenye barabara ya Sakania, karibu na kiziwa kimoja cha mviringo ambacho kwao, Walamba, hakitekwi maji hovyo. Unaweka unga mweupe ukingoni, unapiga magoti, unapiga makofi, unaomba. "Bwana alinipika kofi, njo nikateka. Bila unga, bila kuomba. Mule ndani muko ngulu."

Walamba humwita ngulu. Waislamu wauza vitambaa wa sokoni wangesema jini. Mapadri wangesema shetani na kufunga mazungumzo. Yeye mwenyewe hajali anaitwaje.

Chomba akampeleka kwa Mama Bwalya, mama wa Kilamba aliyeuza makaa mchana, na ambaye watu walimwendea kwa siri kwa mambo ya namna hii. Hakuwa mtu wa kupendeza. Hakuwapa hata kiti.

"Unatengenezaka motokari za bazungu, na huulizake maji inatoka wapi," alisema. "Maji yake yote irudi. Ya motokari, ya ndoo, na ya tumbo ya mutoto. Anapokeaka mara moja tu. Mukirudia kumusumbua, anakamata mutoto kabisa."

"Na kama kidogo inabakia?"

"Basi naye anabakia, kwa mwenye hiyo kidogo. Anamukausha, halafu anahamia kwa ule anayelala karibu." Akamkazia macho. "Nani mwingine alikunywa?"

"Hakuna, Mama. Mutoto peke yake."

Hakudanganya. Gerejini, kuvuta maji kwa mpira ni kazi, kama kufungua nati. Hakuna fundi atakayekuambia kwamba alikuwa anakunywa.

Kulipopambazuka alimwambia Bwana Vite-Vite kwamba gari linahitaji kujaribiwa mwendo mrefu. Bwana akamtukana, akakubali. Chomba akashika usukani, Mama Bwalya akapakata ndoo, Hortense nyuma na mtoto, na madumu ya maji ya bomba miguuni pao. Gari likaanza kuchemka kabla ya kuuacha mji, likachemka kwenye mteremko ambapo halikuwa na sababu ya kuchemka, na kadiri walivyokaribia ndivyo Edith alivyozidi kuwa mzito mikononi mwa mama yake, mzito kama nguo iliyolowa, huku harufu ya tope ikijaa ndani hata wakashindwa kuvumilia, na kila gari lilipomeza ndani ya pampu mtoto naye alimeza kwenye koo, pamoja, kwa mdundo mmoja, na Hortense akawa anasali rozari kwa kunong'ona na kupotea katikati na kuanza upya. Hakuna aliyethubutu kusimamisha gari.

Kiziwa kilikuwa cheusi na kimya, hakina hata chura. Mama Bwalya akaweka unga, akapiga makofi, akasema kwa Kilamba kwa sauti ya mtu anayekiri deni la mwingine. Stanislas akavunja chokaa ya bomba la chini kwa nyundo; maji yakashuka kwa mtaro aliouchimba kwa mikono, yakaingia kiziwani bila sauti. Ndoo nayo ikamwagwa. Kisha Mama Bwalya akamtafunisha Edith mzizi, akamwinamisha, na mtoto akatapika maji matupu, mengi kuliko kikombe, meupe na baridi. Kiziwa kikajikunja kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, kikatulia.

"Mama, niko na njaa," Edith akasema.

Stanislas alilia, wala hakujificha. Wakajaza maji ya bomba, wakarudi, na kila walipopumzika aliteremka na kuweka kiganja kwenye rejeta. Ilikuwa inaunguza. Hajawahi kupenda kuungua namna ile.

Bwana Vite-Vite alichukua gari lake bila asante. Stanislas akaenda kunawa kwenye bomba la gereji. Sabuni ikatoa povu. Akalisuuza likaisha, akajaribu tena, na povu likazidi, jeupe, likapanda mpaka viwikoni, kwa maji yale yale ya chokaa. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa joto tangu asubuhi. Alidhani ni kukosa usingizi. Akaingiza mkono chini ya shati. Tumbo lilikuwa baridi.

Hapo ndipo alipoukumbuka mpira, na baridi ile iliyouma meno, na kidogo kilichoteremka kabla hajatema. Akauchukua pale ukutani, ncha moja kifuani, nyingine sikioni. Hakuhitaji kusikiliza kwa muda mrefu.

Jioni hakuingia nyumbani. Alitandika mkeka mwisho wa ua, mbali kadiri ukuta ulivyoruhusu.

"Juu ya nini unalala inje?" Hortense aliuliza.

"Joto, Mama Edith. Funga mulango. Hata nikibisha, usifungue."

Lakini kabla mlango haujafungwa Edith alishachomoka, mzima, mchangamfu, kikombe cha maji mikononi.

"Baki pale, mwanangu. Weka chini."

Hakusikia. Akaja mpaka magotini kwake, akamnyooshea kikombe. Koo la Stanislas lilikuwa linawaka. Alikinywa chote, akameza mara ya mwisho, akashusha kikombe.

Mtoto akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akalitazama tumbo la baba yake.

"Baba, nani mwingine iko anakunywa?"