Sauti Iliyobaki Betri Ilipoisha

Hebu fumba macho, uone chumba cha mzee fundi cherehani. Kuna vyerehani viwili, kimoja kimefunikwa tangu mkewe alipozikwa. Kifaa chake cha kusikia kimetoa mlio wa mwisho, betri imeisha, na mzee hasikii hata mlango ukibamizwa. Lakini anaitikia kwa upole, "Naam, mama watoto. Nimeona, pindo limepinda."

Binti yake akaweka mkasi chini, akamgeukia ili baba amsome midomo. "Baba, unaongea na nani?"

"Na mama yako. Kafa, lakini kunisema hajaacha."

Kila alipokichaji kifaa, mzee alikifunika kisanduku cha chaji kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu. Alisema hivyo sauti ya mkewe ilizidi kuwa karibu. Joto likakosa pa kutokea, betri ikavimba, chumba kikanuka sukari iliyoungua.

Binti akakipeleka kifaa kwa fundi wa vifaa vya kusikia. "Dada, betri hii imekufa zamani," fundi alisema. "Akizidi kuichaji itamuunguza sikio."

"Mbona anasikia?"

Fundi akanawa mikono. "Hasikii kwa hii."

Binti alipokirudisha nyumbani, mzee alimpokonya, akakivaa.

"Usininyang'anye, mwanangu. Leo ananiita nimfuate."

"Mama hawezi kukuita uniache peke yangu."

Akainama kumvua kifaa, na shavu lake lilipogusa shavu la baba akasikia, mle ndani ya kifaa kisicho na uhai, sauti ya mama yake ikinong'ona njoo, njoo, tamu, yenye subira, bila kupumua hata mara moja kati ya neno na neno, mpaka nywele zikamsimama na vidole vikaungua. Akakivuta, akakimbia nacho uani, akakizika kwenye ndoo ya mchanga mkavu.

Mzee alilia kama mtoto. Sasa ana kifaa kipya. Anasikia mkasi, mvua, hata nyayo za binti yake, na kila asubuhi huuliza, "Mbona mama yako kaninunia?"

Jana mchana binti alipokuwa akitunga uzi, harufu ya sukari iliyoungua iliingia dirishani. Kutoka kwenye ndoo, mtu akamwita kwa jina la utani alilopewa na mama yake utotoni.

Alilia, ila hakuitika. Nawe, tafadhali, kumbuka hili tu: betri ikiisha, kifaa hunyamaza. Kikiendelea kukuita, usiitike, hata kama sauti unaipenda.