Debe la Bondeni

Haya yalimpata rafiki yangu Nuhu, mcheshi wa Mikindani asiyenyamaza hata msibani. Alikwenda bonde la Ruvuma kuchukua jembe tu, mto ukafurika. Akapanda dungu lake la kulindia mpunga, maji yakamzunguka. Nuhu bila safina!

Giza likaingia. Akagonga debe mara tatu: kule ndivyo mtu aombavyo mtumbwi, na asikiaye hana ruhusa ya kumwacha.

Ngo, ngo, ngo. Likajibu debe kutoka upande wa dungu la shemeji yake, Nassoro.

"Shemeji, nawe umekwama?" akapaza sauti. "Basi tufe kwa zamu, anza wewe!"

Ngo, ngo, ngo. Safari hii karibu zaidi. Kisha karibu mno.

Mara tochi ikamulika. Nassoro huyo, kwenye mtumbwi.

"Ruka, shemeji!"

"Debe lako umemwachia nani?"

"Debe lipi? Dungu langu limesombwa tangu mchana."

Nuhu akaruka, debe lake akaliacha juu. Hawajafika mbali, nyuma yao, gizani, likagongwa mara tatu.

Nassoro akaanza kugeuza mtumbwi.

"Anayegonga haachwi, shemeji. Ulikuwa na nani kule?"